Begi la kupandia mlima kwa elfu 40, hela ya fundi ikiwemo

Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro Juni 2024 sisi watu wa Dar tumekuwa wapanda milima ghafla. Unaamka alfajiri Jumamosi, unatoa elfu 13 ya nauli, hata saa mbili hazijaisha uko Moro, na kabla jua halijakaza ushaanza kuhema kwenye njia ya Morning Side, milima ya Uluguru, huku akina mama wa Kiluguru wanakupita na matenga ya mboga kichwani, wao wanateremka sokoni na wala hawahemi. Sasa kila wikiendi ikikaribia lazima kuna mtu ananicheki, "dada ninunue begi gani?" afu hapo hapo anaongeza, "ila laki mbili sina".

Jibu fupi: chukua elfu 40, nenda soko la mitumba la Karume pale Ilala, begi lisizidi elfu 30, inayobaki mpelekee fundi. Jibu refu ni hili, kaa kitako.

Kabla hujaangalia begi lolote jua kwanza unabeba nini, maana wengi wananunua begi afu ndo wanatafuta cha kulijaza. Mi kwa mlima wa kwenda na kurudi siku moja nabeba maji lita mbili na nusu, tatu kama ni kipindi cha joto, na maji hayana ujanja, lita moja ni kilo moja basi. Chapati mbili tatu, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Koti la mvua. Sweta, na hapa usinibishie, stesheni utakuwa unatiririka jasho ila huko juu ukungu ukishashuka na fulana yenyewe imelowa, hilo sweta utalikumbuka. Tochi hata kama unategemea kurudi saa tisa mchana, simu na pawabenki, plasta na dawa kidogo, khanga moja. Jumlisha vyote unapata kama kilo tano au sita hivi na karibu nusu yake ni maji. Mzigo huo unaingia kwenye begi la lita 20 mpaka 28 na nafasi inabaki. Ukinunua la lita 45 kwa sababu lilikuwa na punguzo utalijaza tu, utashangaa umebeba spika na pea ya pili ya viatu, afu saa sita mchana unaanza kuwaomba wenzako wakusaidie. Wapagazi wa Kilimanjaro wana kikomo cha kilo 20 za mzigo na wale ni kazi yao ya kila siku, wewe umetoka ofisini Posta.

Hizo lita usizisome kwenye lebo. Mabegi mengi mapya ya bei rahisi yanaandikwa "40L" kwa herufi kubwa nje na ukilipima hata 25 halifiki. Chukua futi ya fundi nguo, pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha, gawa kwa elfu. Begi la 45 kwa 28 kwa 18 linakupa lita 22 na ushee. Ni makadirio kwa sababu begi halina kona za boksi, kwa kawaida linakuwa pungufu kidogo ya hapo, lakini inatosha kumjua muongo.

Kuna wanaouliza kama begi la shule au la laptop linafaa. Linafaa! Kama unaenda Pugu kuzunguka msituni, au Lushoto unapandisha Irente kuangalia mandhari afu unarudi kula, beba hilo hilo ulilonalo na hela yako weka. Shida inaanza pale mwendo unapozidi masaa matatu manne na njia ni ya kupanda. Begi la laptop limetengenezwa likae wima juu ya meza, sponji yote wameiweka kulinda kompyuta, mgongo wako haukuwepo kwenye hesabu. Mikanda yake myembamba, haina mkanda wa kifuani, kwa hiyo kila ukiinama kushika mzizi au jiwe begi linahama kwenda upande mmoja, unalirudisha, linahama tena. Na wanawake wenzangu mnajua, mabega yetu mengi yameshuka, mikanda inateleza kwenda nje kutwa nzima na unaishia kuishikilia kwa mikono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mkanda wa kifuani ndo kitu cha kwanza ninachokitafuta. Kabla ya jina, kabla ya rangi. Ule mkanda mdogo unaounganisha mikanda miwili ya mabegani mbele, una klipu ya plastiki. Unazuia kuteleza na unafanya begi litulie. Na ukikuta begi zuri lenye kila kitu ila huo hauna, usiliache, huo unawekwa na fundi kwa hela ndogo, nitarudi hapo.

Sasa Kariakoo au Karume?

Kariakoo mabegi mapya yapo mengi na yanang'aa, mtaa wa Kongo pale unaweza kupata begi lenye nembo ya kampuni yoyote unayoijua duniani kwa elfu 35 na muuzaji anakuapia ni original. Sina ugomvi na feki, begi feki likishonwa vizuri ni begi. Ugomvi wangu ni mshono. Geuza ndani nje pale ambapo mkanda wa begani umeingia kwenye mwili wa begi, juu na chini. Kwenye begi la kazi utakuta pale uzi umerudiwa rudiwa, zigizaga nene imebanana kama sentimita mbili, na nyuma yake kuna kipande kingine cha kitambaa kimewekwa kuongeza nguvu. Kwenye haya ya kung'aa unakuta mshono mmoja umepita moja kwa moja na kingo za kitambaa hazijakunjwa wala hazijafungwa na utepe, nyuzi zinachomoza. Hilo litabeba daftari. Kilo sita zikirukaruka masaa sita kwenye mteremko, mkanda unang'oka, na utang'okea mbali na fundi.

Kwa hela ile ile Karume unapata begi lililotumika Ulaya miaka mitano sita na bado mshono wake umekaza. Ndo maana mi ni mtu wa mtumba. Deuter ya Ujerumani, hii kampuni ipo tangu 1898, zamani ilikuwa inashona mabegi ya posta, ukiipata nzima umebahatika. Ukiona herufi SL kwenye jina la modeli ya Deuter hiyo imekatwa kwa mwili wa kike, mgongo mfupi na mikanda imekaa karibu karibu. Vaude, Jack Wolfskin, Lowe Alpine, Millet, Quechua ambayo ni ya Decathlon, yote hayo nimeyaona yananing'inia pale katikati ya mabegi ya watoto ya Spaidamani. Karrimor ya zamani ya Uingereza ni chuma, za baada ya 2004 kampuni ilipouzwa ziligeuzwa kuwa za bei rahisi, sio mbaya ila usilipie bei ya jina. Jansport na Eastpak ni imara sana kitambaa chake lakini nyingi ni za shule, mgongo mtupu, kwa hiyo zirudishe kwenye lile kundi la Pugu.

Wauzaji wengi hawayajui haya majina kivile, wanaangalia sura. Begi jeusi lenye mifuko mingi na linaloonekana jipya anakuanzia 50, begi la kijani lililopauka kidogo ambalo ndo zima kabisa anakuanzia 25. Usimfundishe.

Haya, kwenye mtumba jambo linaloua begi halionekani kwa nje. Ingiza mkono ndani mpaka chini kabisa kwenye kona, sugua kitambaa kwa kidole gumba, afu angalia kidole. Kitambaa cha begi la mlima kwa ndani kimepakwa plastiki nyembamba, ndo inayozuia maji. Huo mpako una umri wake. Joto na unyevu vinauvunja taratibu hata kama begi halijatumika, na hili begi limekaa darini kwa mtu huko sijui miaka mingapi, likabanwa kwenye balo, likapikwa kwenye kontena baharini, likaja kukaa chini ya bati Ilala. Ukiwa unaanza kufa unanata, kidole kinakwama kwama. Ukishakufa unabanduka, unatoa mkono umejaa unga na vipande vyeupe. Na harufu yake ni uchachu unaokaribia matapishi, ukishainusa siku moja huisahau, na muuzaji atakwambia ni ya stoo, fua tu itaisha. Haiishi. Ukilifua ndo linabanduka zaidi. Hilo begi liache hata kama ni elfu 10 na hata kama nje linawaka, isipokuwa kama hujali kuokota vipande vya plastiki kwenye chapati.

Kingine zipu. Watu wanakataa begi kwa sababu zipu inaachia, yaani unafunga halafu nyuma inafunguka yenyewe. Angalia meno. Meno yakiwa yote yapo na yamenyooka, kilichochoka ni kile kichwa kinachoteleza, kimetanuka, na hicho fundi anabadilisha au anakibana na koleo taratibu pande zote mbili na maisha yanaendelea. Meno yakiwa yamekatika au kitambaa cha zipu kimechanika, hapo inabidi kubadilisha zipu nzima na kwenye begi lenye kona za mviringo ni kazi ngumu na ya hela, achana nalo au shusha bei kweli kweli. Zipu iliyoandikwa YKK ni dalili nzuri, ni ya Kijapani, ila herufi nazo zinaigwa siku hizi kwa hiyo fungua na funga kama mara kumi ukiwa umesimama pale, muuzaji akikasirika mwambie na wewe ungefanya hivyo.

Sponji ya mabegani bonyeza na kidole gumba ukaachia. Ikirudi juu iko hai. Ikibaki na shimo imekufa, na ukiweka mzigo mkanda utakuwa kamba tu. Neti za pembeni za kuwekea chupa vuta uone kama lastiki bado inakaza, hizo mi sijali sana, ila chupa ikidondoka kwenye mteremko wa Uluguru huendi kuiokota. Klipu zilizovunjika zisikutishe hata kidogo, mafundi wana makopo yamejaa klipu za mabegi yaliyokufa, mradi ujue upana wa mkanda wako maana nyingi ni za milimita 20 au 25 na haziingiliani.

Usilipe kabla hujalivaa na mzigo. Begi tupu kila mtu linamkaa. Mi naenda na chupa zangu mbili za lita moja na nusu, zingine naazima palepale. Kuna siku nilikuwa nimeng'ang'ania begi moja la bluu, Vaude, kaka mwenyewe alikuwa ameanza 45.

"Kaka punguza, nina 20."

"Dada 20 nakupa lile pale la chekechea."

"Basi nilijaribu kwanza. Niazime jinzi hizo tano."

"Jinzi tena?"

"Naziweka ndani nione linakaaje na mzigo."

Akacheka, akamgeukia jirani yake, "huyu dada ananunua begi au anaenda depo?" Lakini akanipa. Jinzi tano ni kama kilo tatu, na maji yangu tatu, nikazunguka nalo kwenye vichochoro vya Karume huku kijana mmoja akinifuata nyuma nisije nikatokomea na jinzi za watu, sawa kabisa, na mimi ningenifuata. Baada ya dakika kumi niliona mkanda wa kushoto unanikata shingoni, sponji ya upande ule ilikuwa imehama ndani ya kitambaa. Kwa macho isingeonekana. Nikamuonyesha, akabonyeza mwenyewe, akanyamaza, tukamalizana kwa 28.

Cha kuangalia ukiwa umelivaa: mikanda ilale kwenye bega bila kuacha uwazi juu ya bega na isikukate karibu na shingo. Begi lisikugonge makalio ukitembea. Hilo ndo tatizo la sisi wafupi, mabegi mengi ya lita 28 na 30 yamekatwa kwa wanaume warefu wa huko. Kujua mgongo wako una urefu gani inama kichwa, utashika mfupa unaojitokeza chini ya shingo kwa nyuma, hapo ndo mwanzo. Afu shika nyonga zako juu ya mfupa, vidole gumba vikiangalia nyuma, pale vinapoelekeana ndo mwisho. Mtu apime katikati ya hapo kwa futi. Mi ni 41, kwa hiyo begi ambalo kutoka pale mikanda inapoanzia mpaka mkanda wa kiunoni ni 48 najua hata nikilipenda vipi tutagombana.

Mkanda wa kiunoni kwenye begi la siku moja usikuumize kichwa. Kwenye mabegi makubwa ya lita 50 na kuendelea ule mkanda mnene wenye sponji ndo unabeba uzito, unauhamishia kwenye nyonga. Kwenye haya madogo mara nyingi ni utepe mwembamba tu, kazi yake ni kuzuia begi lisicheze ukiwa unateremka. Ukiwepo vizuri, usipokuwepo sio mwisho wa dunia. Ila ukipata begi dogo lenye mkanda mpana wa kiunoni na lile la bei ile ile lisilo nao, jibu unalo.

Kuna zile zenye neti mgongoni, begi limepinda kama upinde ili hewa ipite. Moro mwezi wa pili hiyo ni raha, mgongo unapumua. Lakini umbo lile linakula nafasi ndani, vitu vinakaa mbali na mgongo kwa hiyo unahisi linakuvuta nyuma kidogo, na kama ule waya wa chuma wa ndani umepinda vibaya kwenye balo haunyooki tena vizuri. Likiwa limenyooka nachukua. Likiwa limekunjamana naliacha na nachukua lile la sponji la kawaida, jasho silo litakaloniua.

Kwa fundi. Mi yangu napeleka kwa fundi viatu wala sio fundi nguo, kwa sababu fundi viatu ana sindano nene na uzi wa naironi uliopakwa nta na hajali kushona tabaka nne za kitambaa. Wa kwetu mtaani ni mzee mmoja hivi, nilimpelekea lile la bluu na maelezo marefu, akalipindua pindua, akavuta kila mkanda kwa nguvu zake zote mpaka nikaogopa.

"Shikamoo nimekuitikia, sasa niache nifanye kazi mwanangu. Zipu nzima. Hii sponji naifungua hapa, naivuta, nashona. Kitu kingine?"

"Naomba mkanda wa kifuani, fundi."

"Ushone usimame pamoja au uwe unapanda na kushuka?"

Swali zuri kuliko maelezo yangu yote! Ukishonwa moja kwa moja unakuwa umeganda sehemu moja, ikigundulika umekaa juu ya matiti au shingoni ndo basi. Mwambie autengenezee kitanzi kinachoteleza kwenye mkanda wa begani ili uweze kuupandisha na kuushusha. Unatakiwa ukae kama vidole vitatu vinne chini ya mfupa wa kola, kwa wanawake juu ya matiti, na usikaze mpaka pumzi ishindwe kupita. Elfu 7 nililipa kwa vyote, klipu na utepe vikiwa vyake. Ukienda mjini kwenye maduka ya mabegi wanakuambia hiyo kazi haifanyiki.

Mvua. Hapa watu wanalipia zaidi bila sababu. Begi "wotapruf" la hela yako halipo, kitambaa kinaweza kuzuia maji lakini mishono na zipu vinaingiza, na Uluguru sio mlima wa kuamini anga, ukiwa mjini kweupe, upande ule wa mashariki unaoangalia bahari mawingu yanajikusanya tu. Lile kava la mvua linalovalishwa nje linasaidia mvua ya kawaida ila maji yanateremkia mgongoni kwako na kuingia kwa nyuma, na kwenye vichaka linang'ang'aniwa na miiba. Kinachofanya kazi ni mfuko ndani ya begi. Vitu vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja, unasokota mdomo, unakunja. Zamani ungetumia rambo lakini zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mifuko mbadala tuliyopewa inapitisha maji yote, usijidanganye nayo. Mfuko mweusi wa taka, ule mzito na mpya tafadhali, unaruhusiwa na unakaa miezi. Simu na hela weka kwenye chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa kubana, umemaliza.

Na kama mpango wako ni Kilimanjaro ya siku moja, lango la Marangu mpaka kituo cha Mandara kule kwenye mita kama 2,700 na kurudi, chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo begi lako liwe na mfuko wa pembeni unaoingia chupa nene ya kudumu. Wengi wanapima neti na chupa ya maji ya Kilimanjaro ya dukani afu chupa ya chuma inagoma kuingia.

Ule mrija wa kunyonyea maji mgongoni mi siununui mtumba hata unipe bure. Mate ya mtu mwingine na ukungu wa ndani ya bomba, hapana. Mpya nzuri zina bei ya begi zima. Chupa mbili pembeni zinatosha, na faida yake unaona kwa macho umebakiza kiasi gani, mrija unakuja kugundua maji yameisha pale unaponyonya hewa. Vitanzi vya kuning'iniza shoka la barafu na kofia ngumu navyo usivilipie, Morning Side hakuna barafu. Ila mfuko mdogo wa juu wenye zipu, ule wa kuweka funguo na tiketi ya kurudia, huo una thamani, kuna siku utakuwa unatafuta tiketi stesheni na treni haisubiri mtu.

Kupanga ni rahisi: sweta chini, chakula na maji ya ziada katikati yakigusa mgongo, koti la mvua juu kabisa. Kizito kikikaa mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma kwenye mpando na utadhani ni begi baya. Kabla hujalisema begi, fungua na upange upya.

Ukilileta nyumbani toa kwanza kila kitu mifukoni, hata ile midogo ya siri. Nimekutana na tiketi za basi za Kijerumani, mchanga wa pwani za wenyewe, penseli, na jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kitambaa cha ndani, hilo unaliacha tu halina madhara. Fua kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche, brashi laini kwenye mikanda maana hapo ndo chumvi ya jasho la mtu imekaa. Usiweke jiki. Usiweke kwenye mashine. Loweka masaa machache sio usiku kucha, ule mpako wa ndani haupendi. Anika kichwa chini zipu zote zikiwa wazi, kivulini, jua la Dar la saa saba linapausha na kukausha kitambaa vibaya, na sponji itachukua siku mbili hata tatu kukauka kabisa, ukilitumia bichi litanuka na utasingizia mtumba.

Wa Moshi nyie mna soko la mitumba la Memorial, na wazungu wakishuka mlimani wanawaachia waongoza wageni na wapagazi vifaa vyao, kwa hiyo vitu vya mlima vinapatikana kwenu kuliko huku. Mtu akiona Deuter SL ya lita 24 mpaka 26 yenye ndani isiyonata anitumie picha ya kona ya chini kwa ndani, sio ya mbele, na bei aliyoanziwa. Ya kijani ikiwezekana.